Sentimita Themanini za Jirani

Mimi ni mwalimu wa hesabu na hasira zangu ziko karibu. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mtu mpole aliyeponzwa na upole wake. Nimewahi kumwambia mzazi mbele ya mwalimu mkuu kwamba mtoto wake si mjinga, ila anakuja shule bila kalamu wala kitabu na mzazi ana simu mbili. Nimewahi kugombana na mkaguzi juu ya chaki. Kuongea kwangu si shida.

Shule yetu ni ya kutwa, nje kidogo ya Kitengela, upande wa kwenda Kajiado. Darasa moja linachanganya watoto wa wafanyabiashara wa Noonkopir, watoto wa wapangaji ambao wazazi wao wanarauka kwenda kazi Nairobi, na watoto wa Kimaasai wanaotembea kutoka huko ndani ndani. Askari wa geti anakusalimu kwa Kimaasai, "Supa," na lazima umjibu "Ipa," la sivyo anakukagua begi. Mimi ni mtu wa magharibi lakini hata mimi nilizoea.

Kitu kimoja kiliwaunganisha hao watoto wote: walichukia hesabu. "Madam, hesabu imenikataa," wananiambia, utadhani hesabu ni mchumba. Naandika sini na kosini ubaoni, nageuka, nakuta nyuso arobaini zimekufa. Siku moja, kidato cha tatu, nilishikwa na hasira nikatupa dasta ukutani. Halafu nikauliza, sijui swali lilitoka wapi: "Nani hapa, kwao hawajawahi kugombana na mtu juu ya ploti?"

Hakuna mkono ulioinuka. Kisha wakaanza kucheka, wote, hata wale wa nyuma ambao huwa hawachekeshwi na kitu.

Basi ndipo mradi ulipoanzia. Kitengela kila mtu anajua ploti ni hamsini kwa mia, futi hamsini mbele na futi mia kwenda nyuma. Lakini ukiuliza nani alipima, utaambiwa ni broka alitembea. Anapiga hatua kwenye nyasi akihesabu kwa sauti, anachomeka kijiti, watu wanapeana mikono na kupiga picha. Bikoni, zile nguzo za mpaka za mpimaji, zinakuja baadaye, zikija. Nikawaambia watoto: nendeni mpime kwenu. Mchore kwa kipimo, mtafute eneo, mniambie kama mliuziwa ukweli.

Tepu ya chuma shuleni ilikuwa moja tu, ya fundi wetu, na fundi alikuwa anailinda kama mke. Hakukubali itoke getini. Kwa hiyo tukatengeneza kamba. Kulikuwa na rundo la kamba za katani stoo, zilizobaki baada ya kufunga mahema ya siku ya wazazi. Tukazikata mita ishirini ishirini, tukazilaza kwenye varanda, na kwa kila mita tukafunga uzi mwekundu uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu za shule. Fundi alisimama juu yetu na tepu yake akihakikisha hatuipindi. Nikawafundisha kupata kona ya mraba kwa kamba hiyo hiyo: mita tatu huku, mita nne kule, mita tano ya kufunga. Watoto waliokuwa wanalala kwenye dawati sasa walikuwa wanapigania nani ashike mwisho wa kamba.

Kati yao kulikuwa na msichana mmoja ambaye kwa sababu yake naandika haya. Baba yake ana hadwea Noonkopir, duka la mabati, misumari, waya na saruji. Siku ya wazazi mwaka huo huo alikuwa amekuja kwangu, akasimama mbele yangu na msichana akiwa pembeni anaangalia viatu vyake.

"Mwalimu, huyu hesabu imemkataa. Mwaka huu ukiisha hivi, anakuja dukani. Sioni haja ya kumpeleka Form Four akachukue E."

"Baba, nipe mihula miwili," nilimwambia.

"Nakupa hiyo miwili. Halafu tusilaumiane."

Nilikasirika, lakini zaidi nilimwonea msichana huruma. Nilijua wasichana wawili walioondoka hivyo kabla yake, wa kwanza kwa sababu ya fizikia, wa pili sijui sababu gani, na hakuna aliyerudi.

Kamba ilimbadilisha, haki ya Mungu. Yeye ndiye aliyegundua kwamba fundo langu linakula kamba, kwamba tukifunga uzi kwa kuzungusha mara mbili mita inahama. "Madam, hiyo yako imeteleza," aliniambia, na darasa likanicheka, na mimi nikacheka. Akaanza kuuliza maswali. Ploti ikiwa imepinda, eneo linapatikanaje? Ploti ikiwa kwenye mteremko, unapima udongo ama unapima hewa? Mtihani wa katikati ya muhula alitoka ishirini na moja akafika hamsini na nne. Nilikaa na karatasi yake nikahesabu alama mara mbili, maanake sikuamini.

Kundi lake lilipima kwao kwanza. Ilikuwa siku ya jua kali, vumbi tupu. Upande wa mbele ulipaswa kuwa mita kumi na tano na robo. Walipata kumi na nne na sentimita sitini. Walirudia mara tatu, wakapata hivyo hivyo. Baba yake alikuwa amefunga duka, lililo mbele ya ploti hiyo hiyo, kwa chakula cha mchana akawakuta.

"Ngai! Yaani nimeibiwa?" alisema. Halafu akamtazama binti yake na kamba mkononi, akawaita wateja wawili waliokuwa wakingoja waje waone. "Huyu ndiye injinia wangu. Huyu hapa." Msichana alinisimulia hayo asubuhi iliyofuata kabla hata sijaweka begi chini. Alirudia lile neno, injinia, mara ngapi sijui.

Basi baba akataka kujua sentimita zake sitini zimeenda wapi. Akasema wapime kwa jirani. Msichana akaniuliza, nikasema sawa, ni mazoezi mazuri ya kulinganisha. Mtu mzima na digrii yangu, sikujiuliza huyu mzee anataka kulinganisha ili afanye nini.

Jirani alikuwa mama mjane, mtu wa kwetu magharibi. Alikuwa ameegemeza jiko la mabati kwenye ukuta unaotenganisha ploti hizo mbili, na humo alipika chapati na maharagwe, akiwauzia mafundi wa mjengo wa mtaa mzima. Jiko lile ndilo lililokuwa kazi yake yote. Siku ya Alhamisi aliwafungulia watoto geti bila kusita. Wakiwa katikati ya kupima, mvua ikashuka, ile ya Kitengela inayogeuza udongo mweusi kuwa gundi. Mama akawaingiza wote jikoni, akawapa chai. Kamba ilibaki nje kwenye matope. Mvua ilipopungua wakatoka, wakamalizia kupima. Nilikuwepo. Nilishika mwisho wa kamba mimi mwenyewe, viatu vimenasa, nikihimiza watoto waivute ikaze.

Walipata mita kumi na sita. Sentimita karibu themanini zaidi ya haki yake.

"Mimi hata sijui kupima, wanangu," mama alisema akicheka. "Niliuziwa hivyo, nikajenga hivyo."

Ijumaa msichana aliniletea mchoro. Ploti mbili sako kwa bako, kipimo safi, penseli imechongwa vizuri, na ule mstari wa ukuta wa jirani ameuchora, kisha kando yake amechora mstari wa vidoti mahali ambapo ukuta ulipaswa kuwa. Nikaandika kwa wino mwekundu: Kazi safi sana! Nikapiga mistari miwili chini yake. Nikatia sahihi. Akaupeleka nyumbani kumwonyesha baba.

Jumamosi asubuhi nilienda shuleni peke yangu. Jumanne iliyofuata kulikuwa na mkutano wa walimu wa hesabu mjini Kajiado, na mwalimu mkuu alikuwa ameniweka niwaonyeshe mradi wetu. Alikuwa amemwambia kila mtu. Nilikuwa hata nimenunua gauni. Nilitoa kamba kwenye gunia nibadilishe nyuzi zilizotoka. Ile ya Alhamisi ilikuwa bado na unyevu, imekakamaa, nene kuliko wenzake. Fundi alikuwepo, nikamwomba tepu. Nikailaza kamba kwenye varanda, nikavuta tepu kando yake.

Mita kumi na tisa.

Nikasema labda nimekosea kushika. Nikarudia. Kumi na tisa. Nikachukua kamba nyingine iliyokaa kavu, ikatoka ishirini kamili. Fundi akaniangalia, akasema kwa utaratibu tu, "Katani ikinywa maji inajikunja, inafupika, mwalimu. Si unaona kamba ya kuanikia nguo?" Kila mita ambayo watoto walihesabu kwa yule mama haikuwa mita. Nikapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu: kumi na sita, toa sehemu moja ya ishirini. Kumi na tano na sentimita ishirini. Mama alikuwa na ploti yake halali, si pungufu wala ziada.

Namba ya baba ya msichana ilikuwa kwenye simu yangu. Niliifungua. Nilikaa kwenye ngazi za varanda nikiitazama hadi kioo kikazima.

Nilijiambia hivi: nikipiga sasa, huyu mzee atasema si nilisema, hesabu imemkataa. Atamvua ule uinjinia mbele ya wateja wale wale. Atampeleka dukani Jumatatu. Acha nitafute njia nzuri. Nitamwita msichana kwanza, tutapima upya pamoja, yeye mwenyewe agundue, iwe ni ushindi wake. Jumatano, nikitoka Kajiado. Ilisikika kama busara. Na kweli nilimwogopea yule mtoto, hilo sidanganyi. Lakini nusu ya hofu, au zaidi ya nusu, ilikuwa yangu. Sikutaka kusimama mbele ya walimu wenzangu Jumanne na kamba iliyonidanganya. Nilitaka kulivaa lile gauni, nilitaka wanipigie makofi. Nilirudisha kamba kwenye gunia nikafunga stoo.

Jumapili kanisani niliombea mvua, nikaombea nchi, nikaombea watahiniwa. Kuhusu kamba nilijitia hamnazo hata mbele ya Mungu.

Jumatatu msichana hakuja shule. Nilipoona kiti chake kitupu nilishusha pumzi. Nakumbuka kabisa nilivyofurahi kwamba sitalazimika kumtazama.

Jumanne mwalimu mkuu akanibeba kwa gari lake hadi Kajiado. Nilijikaza kisabuni. Nilieleza mradi, nikapitisha kamba mkono kwa mkono, zile kavu tu, ile nyingine niliiacha. Walimu waliuliza mambo ya nidhamu, ya muda, ya silabasi. Halafu mwalimu mmoja mzee aliyekaa nyuma akainua kamba karibu na pua yake.

"Mwalimu, hii katani. Ikinyeshewa je?"

"Sisi tulipima jua likiwa kali," nikasema.

Yalinitoka bila hata kukwama. Akaitikia kwa kichwa, akampa kamba mwenzake, na mwisho wakanipigia makofi.

Jumatano kiti kilikuwa kitupu tena. Nikamuuliza jirani yake wa dawati kama mwenzake anaumwa. Aliniangalia kwa mshangao. "Madam, kwani haujaskia? Babake alibomoa ukuta wa ule mama wa chapati. Jumatatu. Na jiko."

Sikuomba ruhusa. Nilichukua bodaboda hadi Noonkopir nikiwa na chaki mikononi. Ukuta ulikuwa chini. Mafundi wawili walikuwa wanapanga mawe kwenye mstari mpya, ndani ya ploti ya mama, na uzi wao ulikuwa umenyooka vizuri, umefuata vidoti vya msichana. Mabati ya jiko yalikuwa yamekunjwa yakarundikwa. Sufuria kubwa ya maharagwe ilikuwa imebonyea upande mmoja. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mikono mapajani, mtu ambaye saa hiyo ya siku huwa hana hata nafasi ya kujikuna.

Baba alinipokea kwa furaha. "Mwalimu! Karibu uone. Huyu mama alikuja kubisha, nikaita mzee wa nyumba kumi. Nikamwonyesha mchoro wenye sahihi yako. Akasema mwalimu wa hesabu akishatia sahihi, yeye ataongeza nini?"

"Baba, simamisha mafundi."

"Kwa nini?"

"Kamba ilikuwa imelowa. Ilikuwa imejikunja. Mama hajachukua kitu chako."

Nilimweleza pale pale, mafundi wakisikiliza, mwiko wa mmoja ukidondosha saruji. Nilimweleza polepole mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alicheka akidhani natania. Mara ya pili uso wake ulibadilika. Akageuka akautazama ukuta, akamtazama mama, akanitazama mimi. "Umenifanya mwizi," akasema. "Mimi, mtu wa kanisa. Umenifanya mwizi kwenye mtaa wangu."

Msichana alikuwa ametoka nyumba yao, amesimama kwenye mawe. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniulizia maswali ya eneo na mteremko.

"Madam, ulijua siku gani?"

Ningeweza kusema leo asubuhi. Nilikuwa tayari nimeonja uwongo Kajiado na haukunikaba. Lakini alikuwa ananitazama.

"Jumamosi," nikasema.

"Jumamosi jioni?"

"Asubuhi."

Aliangalia jiko. Halafu akaingia ndani.

Nilienda kwa mama nikapiga magoti, sioni haya kusema. Hakunitukana. Aliniambia kwa lugha yetu ya nyumbani kwamba watoto wale aliwapa chai, kwamba alidhani wanajifunza. Nikamwambia ndiyo, walikuwa wanajifunza. Nilisikia ujinga wa maneno hayo yakiwa bado mdomoni.

Baba alirudisha ukuta, wiki hiyo hiyo, kwa mikono yake na ya mafundi, na mimi nikawa pale na tepu ya fundi wa shule, aliyeniruhusu kuitoa getini kwa mara ya kwanza. Tulipima kila upande. Zile sentimita zake sitini zilikuwa upande wake wa pili, kwenye barabara ya pembeni, alikojenga uzio wake mwenyewe miaka iliyopita kwa kupima hatua. Jiko nalo lilisimamishwa. Lakini mafundi wa mjengo walikuwa wameshahamia kwa mpishi mwingine upande wa pili, na njaa haingoji mtu ajenge. Mama akaanza kuchuuza viazi getini. Nikipita nanunua, na ananifungia vizuri, na hatuongei sana.

Mwalimu mkuu nilimweleza yote. Alitaka tunyamaze. Nikaandika barua kwa walimu wa Kajiado nikaeleza kuhusu kamba, kuhusu mvua na kuhusu jibu nililompa yule mzee. Wawili walinijibu. Mmoja alinishukuru.

Msichana hakurudi. Wiki ya kwanza nikasema ni aibu, itapita. Wiki ya tatu askari wa geti akaniita, akaniambia kuna mzazi ananitafuta na hataki kuingia ofisini. Alikuwa baba yake. Nilijua amekuja kunimaliza, na nilikuwa nimeshakubali.

Alishika kofia mkononi. "Mwalimu, nimemwambia arudi. Nimemwambia ni mimi nilibomoa, si yeye. Nimenunua hata hiyo tepu ya chuma, nzuri, ya mita thelathini. Amenikatalia. Nenda wewe ukamwambie. Mimi hanisikii."

Nilienda siku hiyo baada ya vipindi. Alikuwa nyuma ya kaunta amevaa dasti koti la baba yake, mikono imekunjwa mara mbili, anampimia mteja waya wa kuku. Alivuta tepu, akasoma, akaweka alama kwa chaki, akakata. Mteja akalipa akaondoka. Nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimepanga. Nikamwambia kosa halikuwa lake. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu niliogopa baba yake angemtoa shule.

Alinisikiliza hadi nikamaliza. Hakuwa na hasira.

"Ungeniambia Jumamosi, madam, ningemwambia baba mwenyewe," akasema. "Angenigombeza. Halafu Jumatatu ningekuja shule."

Mtu mwingine alikuwa ameingia dukani, akauliza kama kuna misumari ya inchi tatu. Msichana akaenda kumpimia.